Ngitili Yetu na Kipimo cha Nyota

Mdogo wangu mpendwa Masanja,

Uniwie radhi kwa kunyamaza tangu mavuno ya pamba. Barua zako zote zimenifikia hapa Nkololo. Kila nilipotaka kukujibu, jambo moja lilinizuia, na leo nimeona heri nikueleze jambo lenyewe.

Unaikumbuka jioni tuliyomsaidia bwana mpima kutafuta latitudo ya mahali petu. Wewe ulimimina zebaki katika sinia, mimi niliandika hesabu. Alitueleza kwamba baharini mtu hupima nyota kuanzia pale maji yanapokutana na mbingu. Kwetu miti na vilima huziba, kwa hiyo hupima pembe kati ya nyota na sura yake ndani ya zebaki, kisha huigawanya kwa mbili. Uliinama ukaninong'oneza, "Kaka, nyota imeshuka kunywa maji."

Mara ng'ombe wa baba mdogo wakapita karibu, wakitoka lamboni. Zebaki ikatikisika, nyota ikakatika vipande. Mpima akafoka waondolewe. Baba mdogo akamjibu kwa Kisukuma, nawe ukatafsiri kwa adabu kuliko alivyosema: "Anasema ng'ombe wamechoka, bwana. Nyota bado ipo."

Kipimo kile kilifutwa. Tulingoja vumbi litue, tukapima nyota ya kusini, kisha ya kaskazini, kila moja ilipofika juu kabisa. Hesabu zilikubaliana.

Sasa mpaka wa hifadhi ya wanyama umechorwa kwa kufuata latitudo ile, na nguzo ya saruji imesimikwa kati ya boma letu na ngitili. Malisho hayo yote aliyoyatunza baba kwa ajili ya kiangazi yamebaki ng'ambo, na mifugo hairuhusiwi kuvuka. Baba mdogo amelalamika. Baraza limeniita niseme kama kipimo kilikuwa sahihi.

Jana baba mdogo alikuja nyumbani.

"Mwalimu, ng'ombe walipita au hawakupita?"

"Walipita, baba."

"Zebaki ilitikisika?"

"Ilitikisika."

"Basi sema hayo, ukae chini. Nani amekutuma useme ya baadaye?"

Nilimwambia kwamba ya baadaye ndiyo kipimo.

"Haya. Kiangazi kikifika, utawalisha ng'ombe chaki."

Mayu, mama yetu, alikuwa pale akipepeta mtama. Aliendelea kupepeta bila kuinua uso, na hilo limeniumiza kuliko maneno ya baba mdogo.

Miaka yote nimewaadhibu watoto wa watu kwa kusema nusu ya jambo na kuificha nusu nyingine. Leo ninaombwa nifanye hivyo hivyo, na watakaokosa majani ni ng'ombe wetu sote, wakiwemo wako. Mpima amekwisha kuondoka. Zaidi yangu na baba mdogo, ni wewe tu unayejua kwamba tulipima tena.

Baraza litakaa baada ya mnada. Sijui nitasimama na maneno gani. Nikishaamua nitakuandikia mwenyewe, ili usiyasikie kwanza kwa watu wengine.

Ni mimi,
Kaka yako