Nazi Ambayo Sikuitikisa

Alhamisi

Joya lote la ile nazi kalila Shabani, kwa hiyo ushahidi wangu haupo tena.

Leo ilikuwa zamu yangu kwenye klabu ya sayansi. Mwalimu Zuhura anatafuta mtu mmoja wa kuzungumza siku ya wazazi. Nilitaka anichague, na pia nilimwomba Mungu asinichague.

Nilieleza kwamba sayari za mbali zenye ukubwa kama wa Dunia hatuwezi kuzipasua. Tunapima ukubwa na uzito wake, kisha tunakisia kilichomo ndani: chuma, mawe au maji. Nikaweka mezani nazi mbili za mama, zinazolingana ukubwa na uzito. Nikasema zote zina maji.

Tukazivunja. Ya kwanza ilimwaga maji. Ya pili ilikuwa imeanza kuota, ndani imejaa joya, laini kama sponji.

Darasa zima lilicheka.

"We Mwanahamisi, mtoto wa pwani, wa Makorora, hujui nazi hutikiswa kwanza usikie maji?" akasema Shabani, anayekaa nyuma yangu.

"Sayari haitikisiki," nikajibu. Sikukusudia kuchekesha.

Mwalimu hakucheka. "Kwa hiyo ukubwa na uzito vinatosha?"

"Havitoshi, Mwalimu. Vitu tofauti vinaweza kulingana ukubwa na uzito. Bado hatujui."

"Basi hilo ndilo utakalowaambia wazazi."



Jioni mama alizitafuta nazi zake jikoni, nami nikajifanya nasoma. Atajua zilikokwenda siku nitakapozungumza, pamoja na wazazi wengine wote.