Wino Uliomfuta Mama Yangu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Muar, Johor

Jina: Ngatiran bin Kasbi
Umri: Miaka 43
Kazi: Mpiga msasa, kiwanda cha samani
Makazi: Bweni la wafanyakazi, nyuma ya kiwanda
Elimu: Darasa la nne

Leo ni tarehe 9 Oktoba 2023, na ni miaka sita na miezi miwili tangu nilipotoka kwetu Trenggalek, Java. Natoa maelezo haya mbele ya Sajini Azlina kwa hiari yangu. Nimetoka zamu na nimechoka, lakini akili yangu ni timamu.

Mama yangu, Mbok Ginah, alifariki mwezi wa Novemba mwaka jana. Sikupata ruhusa ya kwenda kuzika. Wadogo zangu ndio walioshuka kaburini. Nikawaambia kwamba kwa kisomo cha siku ya mia, vijitabu vya Yasini ni juu yangu. Kwetu kila msomaji hupewa kijitabu chenye picha ya marehemu kwenye jalada, akaenda nacho nyumbani kwake. Wenye nafasi huagiza kwa wapiga chapa. Mimi nilitaka majalada niyatoe kwa mkono wangu, kwa sababu hakuna kingine nilichomfanyia.

Chumbani tuna printa ndogo tuliyoichangia. Huwa tunatolea picha za vibali na karatasi za shule za watoto wa mwenye bweni. Wino ulikuwa umekwisha. Tarehe 5 Februari, siku ya Jumapili asubuhi, nilikwenda kwa Marsudi, anayeuza wino na vifaa vya simu karibu na soko. Ni mtu wa kwetu, wilaya moja na mimi. Nilipita maduka mawili ya wageni ili pesa yangu imfikie yeye.

Alipanga katriji aina tatu juu ya meza. Akasema, "Hii ni ya jina lisilojulikana. Hii ni kuukuu, imejazwa upya. Na hii ndiyo yenyewe, ya kampuni, na muhuri wake. Chagua kaka, mfuko wako ndio unaoongea."

Nikamuuliza, "Ipi wino wake hauyeyuki kwa maji?"

"Kwani unachapisha samaki?"

"Nachapisha mama yangu. Watu watatoka kutawadha moja kwa moja wakae wasome. Mikono itakuwa mibichi."

Hapo aliacha kucheka, akanipa pole. Alitoa karatasi yenye picha ya ua, akaimwagia maji ya chupa yake ya kunywa, akaifuta kwa kiganja. Ua likabaki. Akasema, "Wallahi kaka, mama yako hatoki hapa." Nikanunua zile zenye muhuri, nyeusi na ya rangi. Naomba liandikwe hivi: nilimwambia wino ni wa nini, naye alinisikia.

Nilichapisha majalada Jumapili mbili. Picha ni ile ambayo mama amevaa kebaya, blauzi ya kwetu, ya kijani, siku ya harusi ya dada yangu. Jumangin, ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa anakwenda likizo kwetu, akavibeba vijitabu kwenye begi lake kana kwamba ni mayai.

Kisomo kilikuwa tarehe 27 Februari, baada ya Isha. Jumangin alikuwepo, na dada yangu alinitumia video. Wanaume walitoka kisimani kutawadha, wakaketi, wakavishika vijitabu. Kabla Yasini haijafika nusu, watu wakaanza kutazama vidole vyao. Uso wa mama ulikuwa umetiririka mpaka kwenye kebaya. Kwenye kijitabu kimoja lilibaki jicho, kwenye kingine mdomo. Kanzu za watu zikashika rangi. Imamu aliendelea kusoma, namshukuru. Lakini nyuma ya video inasikika sauti ya jirani yetu mmoja, "Miaka yote hiyo Malaysia, Ngatiran anatuletea mama wa bei rahisi." Na watu wakacheka. Kwenye hitima ya mama yangu, watu walicheka.

Dada yangu alivikusanya akavizika nyuma ya nyumba. Hakuna aliyekwenda na mama nyumbani kwake.

Tarehe 5 Machi nilimwendea Marsudi. Nilimwonyesha video. Akasema, "Kaka, mama ameshazikwa, hiyo ni karatasi. Nikupe katriji nyingine bure, yaishe."

Nikamwambia, "Uliapa."

Akanijibu, "Niliapia wino. Sikuapia mikono ya watu wenu wasiojua kujifuta." Alikuwa anakula vibanzi vya muhogo, na hakuacha kula.

Sikumpiga. Kiwandani kwetu mbao ikikukwaruza huipigi ngumi, unachukua msasa. Nilijua Marsudi hununua katriji tupu kutoka mabwenini, na nikaanza kujiuliza zinakwenda wapi. Kwa miezi kadhaa nilizunguka mabweni yote ya barabara yetu nikiomba zilizokwisha. Kila moja niliinua ukingo wa lebo, nikachora msalaba kwa ncha ya msumari, nikairudisha lebo vizuri. Jumangin akazipeleka kuuza, kidogo kidogo, asishtukiwe. Mwezi wa Septemba nikamtuma mtu ambaye Marsudi hamjui aagize kasha zima la "zenyewe" kwa ajili ya ofisi. Alilipia kwa mshahara wangu.

Sikulifungua kasha. Tarehe 28 Septemba nililileta hapa, na Sajini Azlina ndiye aliyekata mihuri. Katriji kumi na mbili. Saba zilikuwa na msalaba wangu chini ya lebo. Kesho yake Marsudi alikamatwa. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikamtazama akipandishwa gari. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini kwa ajili hiyo tu.

Ijumaa iliyopita mkewe, Lastri, alikuja bwenini na sahani ya wali na tempe ya soya. Alisema, "Shemeji, wakimhukumu watamfunga, kisha watamrudisha kwetu. Nina watoto watatu. Yuko tayari kuvichapisha vyote upya, kwa wapiga chapa wakubwa, na kuomba radhi mbele ya ndugu zako."

Nikamwambia siku ya mia haina ya pili.

Akalia. Akasema, "Mama yako angekuwa hai angemsamehe."

Nikasema, "Angekuwa hai nisingechapisha."

Aliondoka bila kuaga. Chakula nilikila, maana nilikuwa na njaa. Moyo wangu haukubadilika.

Sajini ameniuliza kama naikubali suluhu. Siikubali. Nataka Marsudi asimame mbele ya hakimu, aulizwe kama nilimwambia kuhusu mikono mibichi. Nataka ajibu kwa sauti, na iandikwe. Kisha arudi Trenggalek, apite sokoni, watu waangalie vidole vyake.

Nilikuwa na tiketi ya kurudi kwa kisomo cha mwaka wa mama, ambacho kwa kalenda ya Kiislamu ni mapema mwezi ujao. Sajini amenieleza kwamba bila mimi mahakamani kesi inaweza kuanguka. Tiketi nimeirudisha leo mchana. Dada yangu nimempigia. Akasema, "Kaka, tulikuwa tunakusubiri wewe, sio hukumu." Nikamwambia asome kwa niaba yangu.

Yote yaliyo hapa juu ni maneno yangu, nimesomewa nikayakubali, na nitayarudia popote nitakapoitwa. Natarajia kurudi nyumbani hukumu itakaposomwa. Ikisomwa Machi, Machi. Ikisomwa baada ya Mfungo wa Ramadhani, basi baada ya Mfungo.

Sahihi: Ngatiran

Maelezo haya yamechukuliwa nami, Sajini Azlina, kuanzia saa 11:20 hadi saa 12:45 jioni. Shahidi aliulizwa mara ya pili kuhusu suluhu, akakataa. Aliulizwa anwani ya kwao endapo kesi itachelewa. Alisema haihitajiki, apelekewe wito kiwandani.