Mashujaa Wanavimba Kila Jumamosi

Jumamosi, 3 Februari

Joka langu limekufa kabla chai haijachemka. Wiki mbili nimelichonga kwa jasi ya kazini – ileile tunayoundia mataya ya wateja – na nikalipachika meno ya bandia yaliyokataliwa kwa rangi mbaya. Shemeji karusha dadu nne kwa mkupuo, kajumlisha kwa simu, kasema, “Shemeji, ondoa mjusi wako mezani.”

Pigo moja.

Mwaka jana joka kama hilo lingetutosha mwezi mzima. Wangekimbia, wangejificha, wangebishana. Ndio mchezo wenyewe: mimi nasimulia, kila mtu mezani ana mhusika wake kwenye karatasi, dadu zinaamua nani anapona. Kitabu cha kanuni kilikuwa kimoja, chembamba. Sasa Shemeji kanunua kitabu cha nyongeza, chenye nguvu mpya, na mhusika wake kawa Mpiganaji wa Jua. Anapiga mara nne kwa zamu, hachoki, haungui, ana alama mia tatu za uhai. Shemeji mwenyewe akipanda ngazi zetu anapumzika mara mbili.

Fundi Saa, jirani yetu wa chini, kaomba kile kitabu aende nacho chooni. Kakaa huko nusu saa.

Mama mkwe hakurusha dadu hata mara moja. Mhusika wake ni mbeba taa, uhai kumi na mbili. Na Mpiganaji wa Jua anang’aa mwenyewe. Taa ya nini tena?

Jumatatu, 5 Februari

Bosi kauliza jasi inakwenda wapi. Nimemwambia kuna mteja mwenye taya kubwa.

Jumamosi, 10 Februari

Fundi Saa naye kanunua kitabu. Chake kipya zaidi. Mhusika wake alikuwa mwizi wa kuku mwenye kisu butu. Leo anasimamisha wakati. Shemeji kanuna, maana nyongeza yake ina miezi miwili tu na tayari imechakaa.

Na mimi – najua, najua – nikapandisha majoka. Matatu, uhai mia nane kila moja. Wakapiga, nikaongeza. Wakapiga tena, nikaongeza tena. Saa mbili za kujumlisha. Neno pekee la maana lililosemwa ni “kikokotoo kiko wapi.”

Mama kaja na sweta lake la kufuma. Zamu yake ilipofika nikamwuliza mbeba taa anafanya nini.

“Anafuma.”

“Pangoni, Mama?”

“Mwanga si upo? Mwanangu huyo anawaka. Mimi sina kazi.”

Shemeji kacheka. Mama hakucheka.

Jumatano, 14 Februari

Mama kapiga simu. Jumamosi haji. Halafu, kabla hajakata: “Na lile pazia la sebuleni, bado hujalifua?”

Basi. Tumerudi kwenye mapazia.

Nimeolewa kwenye nyumba hii miaka kumi na mmoja. Miaka tisa ya mwanzo mimi na Mama tuliongea chumvi, vumbi, na kwa nini mwanawe amekonda (hajakonda). Ni mchezo uliotufungua midomo. Mbeba taa wake aliwahi kuwadanganya mazimwi wangu mpaka mkuu wao akamvulia viatu na kumpa. Nilicheka hadi nikatokwa na machozi. Siku ile alibaki kuosha vikombe na mimi, akanisimulia jinsi mume wangu, akiwa na miaka sita, alivyomficha mbuzi kabatini. Miaka yote ile, na mimi nilikuwa sijui habari ya mbuzi.

Nimemweleza mume wangu. Kasema, “Mimi simo.” Kageukia mpira wake.

Jumamosi, 17 Februari

Mama hakuja. Wameua jitu linaloshikilia mbingu. Dakika nne. Tukala biskuti.

Jumapili, 18 Februari

Nimekwenda kwa Mama na karatasi mpya. Nilimkuza mbeba taa wake: uhai mia tano, taa inayounguza jeshi zima. Kavaa miwani, kaisoma yote, taratibu.

“Huyu nani?”

“Mbeba taa wako, Mama. Nimemwongezea kidogo.”

“Umemwonea huruma.”

“Hapana, Mama.”

“Umenionea mimi.” Kaikunja mara nne, kainama, kaisokomeza chini ya mguu wa meza yake inayocheza. “Vile viatu nilivipata kwa mdomo wangu. Hivi vya kupewa havina utamu.”

Meza imetulia. Angalau hilo.

Jumanne, 20 Februari

Shemeji kapitia kazini kwangu, maabara ya meno, mchana. Nikamwambia wazi: nyongeza zote ziingie kabatini, turudi kwenye kitabu chembamba, la sivyo mama yake harudi.

Nilidhani atafoka. Kakaa kwenye kiti cha Bosi, kachezea taya la mtu.

“Shemeji, mimi kazini napokea simu za watu wenye malalamiko. Siku nzima nasema samahani. Nikipiga meza hata kalamu hairuki. Jumamosi niache niue kitu.”

Jasi ikanikaukia mkononi nikimtazama. Mwishowe kasema atakubali kama Fundi Saa atakubali.

Jioni nikashuka kwa Fundi Saa. Hakubisha. Kasema kusimamisha wakati kila dakika kumemchosha, kunamkumbusha duka lake la saa zilizosimama.

Nikampigia Mama: njoo, mambo yamerekebishwa. Kasema, “Haya.” Pazia hakulitaja. Nimelifua hata hivyo.

Jumamosi, 24 Februari

Saa kumi na nusu. Naandikia jikoni, wananisubiri mezani.

Tulianza vizuri. Shemeji ana uhai kumi na tano na rungu la mti. Wamesimama mbele ya mlango dakika ishirini wakiogopa kuufungua. Mlango tu. Nilikuwa na raha ambayo sijaipata mwaka mzima.

Ndipo Mama kaingia, kafungua mkoba, katoa kitabu. Nyongeza ya tatu, imetoka wiki hii, hakuna kati yetu aliyeiona. Na karatasi iliyojaa penseli, imefutwa na kuandikwa upya mpaka imetoboka. Mbeba taa kamstaafisha. Sasa ni Bibi Kizee wa Radi. Anapiga mara tisa.

“Mama, tumekubaliana hakuna nyongeza,” Shemeji kasema.

“Nani kakubaliana? Nilipigiwa simu kualikwa, sikuulizwa.” Kisha kanigeukia mimi. “Nimemtengeneza mwenyewe, siku sita. Lakini msimulizi ni wewe. Ukisema hapana, nitatii.”

Miaka kumi na mmoja sijawahi kulisikia neno hilo likija upande wangu. Nikasema naenda kuangalia chai.

Chai imechemka zamani. Huko mezani Shemeji anasema si haki, Fundi Saa anauliza kwa upole kama hicho kitabu kinaazimwa.

Mama kaingia jikoni. Hakutazama vikombe, hakutazama sakafu. Kaketi kwenye kigoda, kidole kwenye ukurasa wa sitini na moja. Kauliza ninaandika nini. Nimesema kanuni.

“Basi andika vizuri,” kasema, na kasogeza kitabu penye mwanga. “Anapiga mara tisa, na kila pigo likikosa, anarudia.” Naandika kama anavyosema: mara tisa.