Sentensi Nisiyokumbuka Kuiandika

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana siku hiyo sehemu ya mwisho ya mchezo wangu wa televisheni inarushwa, na kaka yangu Genpachi huutazama kila wiki. Nina miaka thelathini katika kazi hii ya uandishi, nilianza hapa Tokyo kwa kunakili miswada ya wakubwa, nikaandika filamu za samurai na mapanga yao, kisha michezo ya televisheni, na mwaka huu nimeandika juu ya mama mjane wa kijijini kwetu mkoani Niigata, mama yangu mwenyewe ingawa jina nimebadilisha, na mwigizaji wake, Bi Chikage, hakuwahi kumwona mama. Juzi mchana studioni alipaswa kumenya figili kimya, lakini akainua uso, akanitazama nilipokaa nyuma ya kamera, akasema kwa lafudhi ya kwetu, “Kadole, simu uliisikia. Mbona hukupokea?” Kadole ni jina langu la nyumbani, studioni hakuna alijuaye. Siku mama alipokufa, theluji ikiwa imefunga barabara, alinipigia, simu yangu ikalia mara kumi na tisa nami sikuinyanyua, nilikuwa namalizia onyesho, kisha nikawaambia ndugu nilikuwa nje, lawama ikamwangukia kaka Genpachi kwa kuwa alikuwa ameenda mjini akamwacha mama peke yake, na huu mwaka wa kumi na mbili, kila tukikutana kumkumbuka mama, yeye hukaa mlangoni kama mgeni. Nilipomuuliza Bi Chikage maneno ameyatoa wapi, akacheka, akiniita kama waandishi wanavyoitwa hapa, “Mwalimu naye! Si ukurasa wa kumi na nne wa muswada?” Nikaufungua. Yamo, kwa mwandiko wangu, wino haujakauka. Mwongozaji kayapenda, hataki yaondolewe. Nimlazimishe ayaondoe?

Kuwabara Setsu, Tokyo

Setsu dada yangu, pole, na hiyo pole ishike vizuri, sina nyingine. Nani aliandika ukurasa ule sijui. Ila uongo wa miaka kumi na miwili umeuandika wewe, tena ukiwa macho! Umemtwika mwenzio maiti isiyo yake, ukaendelea kupokea maua ya pongezi. Aibu!

Maneno yaache. Lakini Genpachi asiyasikie kwanza kwenye televisheni, majirani wamemzunguka. Kesho panda treni ya asubuhi uende kwake. Usibebe keki, usitangulize machozi. Piga magoti, sema yote, kisha nyamaza. Akikufukuza, toka, ana haki. Ila usirudi Tokyo: tafuta pa kulala hapo hapo kijijini, na kukikucha ubishe hodi tena.