Fomu Zilizowekwa Kando

Abaayo Sahra,

Amani ya Mungu ikufikie hapo ulipolazwa, dada yangu. Nakuandikia nikiwa na hasira, na safari hii hasira yote ni juu yangu mwenyewe.

Mashine ile inafanya kazi. Hukuwahi kuiona. Homa ilikuchukua wiki mbili baada ya fundi wa Nairobi kuketi mezani kwako ofisini na kurekodi jinsi unavyojaza fomu moja: skrini ya kwanza jina, ya pili kijiji, ya tatu mifugo, kisha kubofya “hifadhi”. Sasa kompyuta inarudia vidole vyako kwa kila mfugaji anayeomba msaada wa majani ya kulisha mifugo wakati huu wa ukame. Kazi yako ya mwezi inaisha kabla chai haijapoa. Nami ndiye niliyepiga kelele gazetini kwamba ofisi za Garissa zimelemazwa na makarani wa kidole kimoja. Ulisoma, ukasema tu, "Walaal, ndugu yangu, njoo ukae hapa siku moja." Sikuja.

Watu wetu wengi bado wanasubiri vitambulisho, kwa hiyo wana jina tu: la mtu mwenyewe, la baba, la babu. Na akina Mohamed Abdi Ali ni wangapi kutoka Hulugho hadi Diff? Kompyuta ikikwambia jina hili tayari lipo, ulikuwa ukiinua kichwa na kuuliza: "Adeer, ami yangu, nyumbani wanakuitaje?" Mzee mmoja alijibu kwa aibu, "Dhegey." Mwenye masikio. Ukamwambia, "Hilo nililiona ulipoingia mlangoni." Foleni nzima ikacheka, yeye mwenyewe akacheka, nawe ukaliandika kwenye nafasi ya maelezo. Hadithi hii nimesimuliwa matangani kwako. Matangani, Sahra!

Siku ya kurekodi, fundi alikupa fomu ya mtu asiye na wajina. Swali lako halikuingia kwenye rekodi. Mashine ikikutana na Mohamed wa pili, inaweka fomu yake kando, inasonga mbele, kisha inaandika: kazi imekamilika. Orodha ya waliowekwa kando ipo. Hakuna aliyeifungua.

Juzi Habaryar Hawa, dada yake mama, alifika kutoka Hulugho. Lori la majani lilikuja kwao, yeye akarudishwa. "Wanasema Hawa Yusuf Omar ameshachukua. Mimi nilichukua lini?" Ng'ombe wake watatu wamekufa.

Niligombana pale ofisini mpaka wakaifungua orodha. Kurasa na kurasa. Nilizisoma zote na sikujua Hawa yupi ni yupi. Wewe ungejua. Mimi msomi wa vitabu sikujua hata mmoja.

Nisamehe, abaayo. Ulale salama, Mola akupanulie kaburi lako. Nitaandika gazetini, kwa jina langu kamili, kwamba nilikutukana bure. Lakini hilo litangoja. Kesho alfajiri naondoka na karatasi hizi za orodha kwenda Hulugho, kisha Diff, nyumba kwa nyumba, na sitarudi Garissa kabla kila aliyeachwa hajaandikwa. Habaryar amebakiwa na ng'ombe wawili, na hawasimami tena bila kuinuliwa.

Kaka yako