Orodha ya Pili ya Ambakisye

Jumatano, 3 Machi 1999

Ambakisye, mume wangu,
Hapa ofisini nimechapa majina ya wakulima wa Bujonde kwa ajili ya mgao wa miche. Nimemwagilia miche ya kakao, mtunza kitalu anaumwa. Kikombe chako bado kipo kando ya kompyuta. Sijakiondoa.

Alhamisi, 4 Machi

Siku mbaya. Bibi Tupokigwe, yule mjane wa Bujonde, katembea mpaka ofisini. Jina lake halimo kwenye mgao wa miche.

"Ugonile, mwanangu," akanisalimu. "Kwa hiyo mashine yenu imenizika pamoja na mzee?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Nimetazama karatasi zote: hakuna mjane hata mmoja. Mgao ni Jumamosi. Miche ikiisha, imeisha mpaka mwakani.

Ijumaa, 5 Machi

Kosa ni langu. Programu mpya ya kuchapa niliipokea mimi. Nikasaini bila kukagua.

Nimefungua daftari lako. Ule utaratibu uliouandika ndani ya hifadhidata, pale kompyuta inapotunza majina, programu ikiuita mara moja unarudisha orodha mbili, moja nyuma ya nyingine. Kwanza wakulima walio hai, kisha wajane na warithi. Ulizitenga kwa sababu majina husomwa kwa sauti pale uani. Hukutaka marehemu aitwe katikati ya wenzake, halafu kimya. Programu mpya inapokea ya kwanza na kufunga.

Pembeni uliandika: "Ya kwanza ikiisha usifunge. Uliza kama kuna nyingine."

Nikamsomea fundi aliyeitengeneza hiyo programu; nilimpigia simu jana, kaja na basi la asubuhi kutoka Mbeya. Alinuna. "Sasa mama, mbona hamkuniambia?" Akaongeza mistari michache. Umeme ukakatika. Ukarudi saa kumi. Printa ikamaliza orodha ya kwanza, ikanyamaza. Niliogopa sana. Kisha ikaendelea.

Jumamosi, 6 Machi

Orodha ya pili imesomwa watu wakiwa wamesimama, kama ulivyowazoesha. Bibi Tupokigwe aliitika kwa sauti kuliko wote. "Nipo! Sijazikwa!" Baadaye akanishika mkono, akanishukuru: "Ndaga, ndaga fijo."

Jina la mwisho lilikuwa langu. Mke wa Ambakisye. Kifo chako nilikiingiza kwenye kompyuta kwa vidole vyangu mwenyewe. Sikuwaza kingenihamishia orodha gani.

Niliitika.

Miche nimeipanda nyuma ya jiko, pale ulipopenda kunawa ukitoka shamba. Mvua imenyesha kidogo. Unikumbuke.