Kikapu Kilichorudishwa Getini

Ulyankulu, Tabora
9 Septemba 2024

Mpendwa mwanangu Selestini,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, kwa hiyo naitikia kabisa. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Kanada? Sisi wazima, ila baba yako mdogo Prosperi mgongo unamsumbua, na sababu utaisoma hapa chini. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa kwenye simu kila nikianza kulalamika mtandao wako unakatika.

Ulipotutuma Tabora mjini kupeleka posa yako kwa kina Julieth, uliona gesti ya kawaida itakushushia heshima, ukatulipia hoteli ya kifahari kwenye mtaa wa wakubwa. Asante, nia nimeiona. Lakini hoteli ile imenichosha kuliko jembe.

Mtaa mzima hakuna jogoo, hakuna anayetwanga, hakuna hata mtoto anayelia. Bafu lina ukuta wa kioo, nikaoga na kanga mwilini utadhani niko mtoni. Prosperi alikaa kwenye kiti cha mviringo kama ganda la yai, akashindwa kutoka mpaka wahudumu wakamvuta. Ndio huo mgongo.

Hayo ningeyameza. Lisilomezeka ni hili. Mama Julieth aliposikia tumefika, alichinja kuku, akasonga ugali, akatuletea mwenyewe na kikapu kichwani. Getini akaambiwa chakula cha nje ni marufuku. Watu wa mapokezi wakapiga simu chumbani kwangu. Mimi naiona simu inalia mezani, nikasema hiyo ni ya wenye hoteli, watapokea wenyewe! Mama wa watu akasimama juani weee, kisha akarudi kwake mtaa wa Chemchem na kikapu chake, majirani wakimtazama.

Wewe ni mtoto wa huku, huhitaji nikufundishe. Chakula cha wakwe kikirudi hakijaguswa, posa imekufa.

Kesho yake tulipobisha hodi alitusimamisha mlangoni, kiti hakutoa.

"Mnatafuta nini tena? Si mmekikataa chakula changu?"

Prosperi akaanza kueleza sheria za hoteli. Nikamkanyaga mguu. Selestini, niliona aibu mpaka machozi yakanitoka, na hasira zangu zote zilikuwa juu yako. Nikavua viatu, nikapita moja kwa moja hadi jikoni, nikaketi kwenye kigoda, nikaomba chakula kile kile cha jana. Kilikuwepo, maana nyumba nzima hakuna aliyekuwa na moyo wa kukila. Nikala ugali mkavu na mchuzi ulioganda, nikaramba na vidole. Prosperi naye akala. Mama Julieth alitutazama, halafu akacheka, akachochea moto.

Posa wameipokea. Hotelini tulirudi kuchukua mabegi tu.

Ila jambo moja. Mama Julieth hakuuliza kazi yako wala mshahara. Aliuliza tu, "Huyo kijana akija, atakula kwangu?" Nimeapa kwa niaba yako, kwa hiyo ukija Desemba nisisikie tena habari za hoteli.

Prosperi anakusalimu, na dada yako Niyokwizera na wanawe pia. Mungu akukinge na baridi hiyo, akuvushe salama, na akufikishe Chemchem ukiwa na njaa.

Wako akupendaye ingawa bado amenuna,

Shangazi Kankindi